Mhasibu aliyejifungia chooni: kisa cha likizo ya mwisho wa mwaka

Saa tano na nusu usiku, tarehe 27 Desemba, siku ya sita ya likizo yake, mwanamke mmoja alikuwa amekaa juu ya mfuniko wa choo nyumbani kwake, mlango kaufunga kwa ndani, simu mkononi. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anatafuta 900. Hesabu za benki za Novemba zilikataa kulingana na leja, yaani daftari kuu la hesabu za kampuni, kwa kiasi hicho, naye alikuwa amefungua jedwali kwenye kioo cha simu kisichozidi upana wa vidole vinne, akishuka nalo mstari kwa mstari. Nilipomuuliza baadaye kwa nini chooni, alinijibu bila kucheka: "Dada, ndicho chumba pekee chenye kitasa."

Ameniruhusu nikiandike kisa chake. Nimebadilisha mambo machache asitambulike. Tarehe na hesabu nimeziacha kama alivyozileta.

Ni mhasibu, wa pili kwa cheo katika idara ya fedha ya kampuni inayofunga mwaka wake wa hesabu tarehe 31 Desemba. Chini yake yuko msaidizi mmoja, kijana mwenye miaka miwili kazini. Nyumbani ana mume na watoto wawili, na tarehe 23 alifika mama mkwe kukaa wiki mbili. Likizo ya siku 10 aliiomba mapema, Oktoba ikawa imeshasainiwa. Mkuu wake alipoisaini aliongeza kwa mdomo maneno matatu: "Simu tu usizime."

Alinijia mwishoni mwa Januari. Malalamiko yake yalikuwa yale ninayoyasikia kila mwaka: muda hautoshi, kazi haziishi, na utulivu ameukosa hata pale alipopewa siku za kuutafuta. Alitaka nimsaidie kupanga ratiba. Nilikubali, na leo naona nilikubali haraka mno, kwa sababu ratiba haikuwa na tatizo lolote.

Saa nne zilizokula siku kumi

Kabla ya ratiba tulikaa na simu yake tukahesabu. Simu zilizopigwa, jumbe zilizojibiwa, majedwali yaliyofunguliwa, kila kitu na saa yake. Tarehe 22 alilala mpaka saa nne asubuhi, akaamka kichwa kizito. Tarehe 23 alimpokea mgeni. Tarehe 24 akabanwa na mafua na mwili kumuuma, jambo lililomuudhi kuliko yote: mwezi mzima wa kukimbizana hajapiga hata chafya, siku tatu za kupumzika yuko kitandani. Si yeye peke yake. Mwaka 2002 Ad Vingerhoets na wenzake wa Uholanzi waliandika kuhusu watu wanaougua hasa wikendi na likizo zinapoingia. Katika waliowauliza, kama 3 kati ya 100 walisema ndivyo wanavyokuwa. Sababu yake bado inabishaniwa, kwa hiyo nilimwambia anywe maji, alale, tukasonga mbele.

Jumla ya muda wote alioigusa kazi katika siku hizo kumi, dakika 10 hapa, 25 pale, na ile saa moja na robo ya chooni, ilifika saa nne kasorobo. Alikuwa tayari kuapa kwamba ni zaidi ya saa ishirini. Akaninyang'anya karatasi, akajumlisha mwenyewe (mhasibu ni mhasibu), ikatoka ile ile.

Hapo ndipo kisa kilipogeuka. Saa nne katika siku kumi haziwezi kumnyima mtu muda. Kilichomnyima ni kitu kingine, nacho kilikaa katikati ya dakika hizo, pale ambapo hapakuwa na kazi yoyote. Simu ilikuwa mezani, kioo kikitazama juu. Watoto wakimsimulia jambo, jicho moja liko kwenye kioo. Mlinzi wa zamu ya usiku ambaye mwizi hakutokea mpaka alfajiri hatumwambii kwamba amelala. Maneno matatu ya mkuu wake yalikuwa yamegeuza kila saa ya likizo kuwa saa ya zamu.

Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu akiiacha kazi moja haijakamilika na kurukia nyingine, sehemu ya akili hubaki nyuma kwenye ile ya kwanza, na ya pili huifanya kwa akili pungufu. Kwa mhasibu wetu, "kazi ya pili" ilikuwa kucheza na wanawe.

Kipimo kingine kilinisaidia zaidi. Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz, mwaka 2007, walitenganisha mambo manne yanayomrudishia mfanyakazi nguvu: kuitoa kazi akilini, kuutuliza mwili, kujifunza au kumudu jambo nje ya kazi, na kuwa na mamlaka juu ya muda wako mwenyewe. Watu wengi wakisema "kupumzika" huwa wanamaanisha lile la pili tu, na yeye alikuwa hivyo hivyo: alilala, alijinyoosha, aliketi. La kwanza hakulipata. La nne hakuwa nalo tangu siku mkuu wake alipotia saini. Nikilazimishwa kuchagua moja kati ya manne, nitachagua hilo la nne, kwa sababu mapumziko ambayo mtu mwingine anaweza kuyafuta kwa simu moja bado ni mali yake huyo mwingine.

Mambo 31 ya daftari

Alikuwa na daftari dogo. Ukurasa wa tarehe 1 Desemba ulikuwa na mambo 31 chini ya maneno KABLA MWAKA HAUJAISHA, yamepigiwa mstari mara mbili. Tuliyapitia yote kwa swali moja: likifanywa Januari, nini kitaharibika?

Tisa yalikuwa ya Desemba kweli. Mishahara lazima itoke. Wauzaji wanaodai walipwe kabla benki hazijapunguza saa. Karatasi za kuhesabia mali ya stoo ziwe tayari, kwa sababu hesabu hiyo hufanywa siku ya mwisho ya mwaka au karibu nayo, na wakaguzi wa nje hupenda kuishuhudia kwa macho yao. Hapo hakuna mjadala.

Kumi na mawili yalikuwa kichekesho, ingawa kilituchukua muda kucheka. Hayawezekani kufanywa Desemba hata ukikesha. Taarifa ya benki ya Desemba haitoki mpaka Desemba iishe. Ankara za huduma zilizotumika Desemba huletwa Januari, na zile zisizokuja hukadiriwa hapo hapo Januari. Urari wa mwisho, lile jedwali la kuhakikisha pande mbili za hesabu zinalingana, husubiri hayo yote. Kanuni za kimataifa za uhasibu, IAS 10, zinamtaka mhasibu aangalie hata matukio yanayotokea baada ya tarehe ya kufunga mpaka siku hesabu zinapoidhinishwa kutolewa. Yaani fani yenyewe inajua kwamba mwaka wa hesabu hufungiwa ng'ambo, ukiwa umeshavuka. Yeye anayajua haya kuliko mimi, ndiye aliyenifundisha. Lakini mwili wake ulikuwa unakimbizana na tarehe 31 kana kwamba usiku huo kuna mlango unapigiliwa misumari.

Yaliyobaki kumi ndiyo niliyoyatazama kwa muda mrefu. Kupanga upya kabati la mafaili. Kufuta barua pepe za miaka mitatu. Kuandika mwongozo wa kazi ambao hakuna aliyeuomba. Kupaka rangi chumba cha watoto. Kuwapigia ndugu wote ambao hajazungumza nao mwaka mzima. Hakuna hata moja lenye tarehe. Yaliingia kwenye orodha kwa nguvu ya lile neno "haujaisha".

Nikamkumbusha kwamba mstari huo wa mwisho wa mwaka wenyewe umewahi kuhamahama. Uingereza mwaka ulikuwa ukianza kisheria tarehe 25 Machi, na haukuletwa Januari mosi mpaka 1752. Mwaka wa kodi wa huko hadi leo huanza tarehe 6 Aprili, kovu la mambo hayo. Kampuni nyingi hufunga hesabu Juni. Akaniambia, "Sawa dada, lakini nikiingia mwaka mpya na kabati lile, najiona mchafu." Sikuwa na jibu. Watu wanapenda kuanzia kwenye mstari mweupe. Hengchen Dai na wenzake waliandika mwaka 2014 kwamba tarehe za mwanzo, kama za mwaka au za wiki, huwasukuma watu kuyaanza malengo yao. Upande wa pili wa hamu hiyo ndio uliokuwa ukimchapa Desemba.

Na ile 900? Aliipata tarehe 3 Januari asubuhi, ofisini, katika muda usiofika dakika kumi. Stakabadhi moja ya Novemba iliyochelewa, ya 5,480, ilikuwa imeingizwa 4,580. Kila anayefunza uhasibu humwambia mwanafunzi wake: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, shuku kwamba tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Alishamfundisha msaidizi wake jambo hilo. Chooni lilimtoka. Tena aliyeiingiza vibaya ni yeye mwenyewe, tarehe 19 Desemba, saa sita kasoro dakika ishirini usiku, akiwa macho tangu saa kumi na moja alfajiri. Williamson na Feyer walipima jambo hili mwaka 2000: mtu aliyekaa macho saa 17 mpaka 19 hufanya majaribio kadhaa sawa na mwenye kiwango cha pombe cha 0.05% kwenye damu, au vibaya zaidi. Kwa hiyo usiku ule wa likizo alikuwa akiitafuta kazi iliyotengenezwa na uchovu, kwa kutumia uchovu uliobaki.

Ushauri wangu wa kwanza

Ulikuwa mbovu. Nilimwambia kila asubuhi akae kimya dakika 20, bila simu, bila redio, aangalie tu pumzi yake. Februari nzima alijaribu, maana ni mtu anayetii. Alirudi akiwa na orodha ndefu kuliko ile ya Desemba. "Nikikaa kimya ndipo yanakuja yote," alisema. "Kelele zilikuwa zinanisaidia kuyafukuza."

Nilipaswa kulijua hilo. Mwaka 2014 Timothy Wilson na wenzake waliwaacha watu peke yao chumbani na mawazo yao, na katika jaribio moja lenye kitufe cha kujipiga shoti ndogo ya umeme, wanaume 12 kati ya 18 na wanawake 6 kati ya 24 waliona afadhali wajipige kuliko kukaa tu, katika dakika 15. Ukimya si dawa unayomkabidhi mtu mwenye mambo 31 kichwani ukamwambia anywe mara moja kwa siku. Kwa mtu wa namna hiyo huwa ni mkutano wa wadai.

Tukaachana na ukimya, tukaanza na karatasi. Bluma Zeigarnik aliandika mwaka 1927 kwamba kazi iliyokatizwa huelekea kung'ang'ania akilini kuliko iliyomalizika, ingawa tafiti za baadaye hazikukubaliana zote. Kilichonifaa mimi ni alichokiongeza Masicampo pamoja na Baumeister mwaka 2011: ili jambo liache kukuandama, si lazima ulimalize, yatosha uwe na mpango halisi wa lini na vipi utalifanya. Na mpango halisi haufanani na lile daftari. "Ankara za Desemba" si mpango. "Jumatatu ya kwanza ya Januari, saa tatu asubuhi, nichukue faili la ankara nianze na za umeme" ndio mpango.

Bahati nzuri mhasibu hufunga mwezi mara kumi na mbili kwa mwaka, kwa hiyo hatukusubiri Desemba kujaribu. Kila mwisho wa mwezi aliandika hati ya makabidhiano ya ukurasa mmoja: jambo, hatua ya kwanza, nani, siku, saa. Mara ya kwanza aliandika kurasa nne. Kufikia Agosti ilitosha nusu ukurasa. Wikendi ya Septemba aliyoniambia kwamba amesahau kama benki zipo, nilijua tunaelekea pazuri.

Kilichobaki kabla ya likizo ya Desemba iliyofuata kilikuwa mkuu wake, na hapo alisuasua miezi miwili. Aliona kudai simu izimwe ni utovu wa adabu. Nilimweleza kwamba likizo si fadhila. Mkataba namba 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1970, unaweka wiki tatu za kazi kuwa kiwango cha chini kwa mwaka, na makubaliano ya kukiacha kiwango hicho unayatangaza kuwa batili. Alinitazama kama anayenihurumia. Mikataba haimsaidii mtu anayekutana na bosi wake kila asubuhi kwenye ngazi. Mwishowe hakuomba simu izimwe. Alipeleka hati ya makabidhiano pamoja na sentensi moja: nitapokea simu saa kumi mpaka saa kumi na nusu jioni, tarehe 27, 28 na 29, saa nyingine yuko msaidizi wangu. Mkuu alisoma, akasema, "Kwani nilikuambia ulale na simu?" Akasaini. Mwaka mzima wa hofu, na pengine yule bwana hata hakukumbuka aliyoyasema.

Mlango wenye kitasa

Nyumbani kulikuwa kugumu kuliko ofisini, na nakiri nilikuwa nimekudharau. Likizo ya mama wa nyumba yenye wageni ni kubadilisha mwajiri. Nani amelala wapi, nani hali nini, taulo zimebaki ngapi: yote yalikuwa kichwani mwake, na hayana mwisho wa mwezi. Mume wake si mtu mbaya. Alikuwa anasaidia kila alipoombwa, na kwa mke, huko kuomba kukawa kazi ya thelathini na mbili.

Walikubaliana jambo moja tu, na nadhani ilisaidia kwamba lilikuwa moja. Kila siku ya likizo, saa nane mpaka saa kumi mchana, nyumba ni ya baba watoto. Asiulizwe mke kitu, hata kama watoto wanavaa nguo kinyume. Siku ya kwanza mama mkwe aliona mkwewe kaingia chumbani kafunga mlango, akabisha taratibu: "Mwanangu, nimekukosea nini?" Ilibidi atoke amweleze. Siku ya pili mama mkwe aliingia naye, akakaa kwenye kiti cha pembeni, hawakuzungumza mpaka saa kumi. Siku ya tatu, bibi akalala.

Kuna jambo ambalo halikukaa kwenye mpango wangu. Siku ya tano nyumba ilikuwa tupu, wote wametoka, naye akawa hatulii. Akalivamia kabati la nguo, akalitoa lote nje, akalipanga upya akiimba. Aliniambia kwa aibu, kama mtu aliyevunja mfungo. Sikuona kosa. Lile kabati alilichagua mwenyewe, hakuna aliyelisubiri, na angeweza kuliacha sakafuni mpaka kesho. Siku yenye wageni kumi mezani pia ilimchangamsha kuliko saa zake mbili za chumbani. Nilianza kisa hiki nikidhani shughuli na utulivu vinagombania mizani moja, kimoja kikipanda kingine kishuke. Kwake yeye shughuli aliyoishika mwenyewe ilimpumzisha, na ukimya uliokuwa ukingojea simu ulimchosha.

Sikumpa matumaini makubwa ya baada ya likizo. Jessica de Bloom na wenzake, waliofuatilia likizo ndefu za wafanyakazi mwaka 2013, waliona hali njema ikifikia kilele karibu siku ya nane na kurudi ilipokuwa ndani ya wiki ya kwanza ya kazi. Ndiyo maana zile wikendi za mwisho wa mwezi nazihesabu kuwa zilimfaa kuliko Desemba yenyewe.

Katika zile nusu saa tatu zilipigwa simu tatu. Nje ya muda huo ilipigwa moja, tarehe 29 asubuhi, kuhusu tofauti kwenye karatasi za stoo. Aliiona saa kumi jioni, na ilikuwa imeshatatuliwa. Usiku wa tarehe 31 alilala saa tatu.

Januari tulipitia tena daftari. Katika yale kumi yasiyo na tarehe, saba alikuwa ameyafuta kabisa. Matatu yalikuwa na alama ya mshale. Kabati la mafaili, barua pepe za zamani, ule mwongozo wa kazi. Nilimuuliza mshale unakwenda wapi, akasema amemwachia msaidizi, ni mazoezi mazuri kwake. Niliandika hilo pembeni mwa ukurasa wangu, nikaendelea na swali lililofuata.

Tarehe 9 Januari nilipata ujumbe kutoka kwa namba nisiyoijua. "Shikamoo mama. Samahani kwa kukusumbua, namba yako nimepewa na bosi wangu wa uhasibu. Naomba kujua ile hati ya makabidhiano, kama mtu hana wa kumkabidhi, anajaza nini kwenye sehemu ya 'nani'?" Ulikuwa umetumwa saa saba na dakika kumi usiku.